Chumvi kwa Kifaransa

Jumanne, 1953

Ninatangaza kwa heshima yote: tangu mwezi moja, kwenye meza ya nyumba hii, chumvi inaombwa kwa Kifaransa tu.

Sheria ni yangu, mimi mwenye nilijifunza Kifaransa katika magazeti ya kufungia sabuni. Kesho Bazungu ba komisyo banakuja kuchunguza kama tunastahili karte ya ustaarabu, ile inapatia mweusi haki kidogo za Muzungu. Niliogopa batauliza Odila, binti yangu wa miaka ine, kwa Kifaransa.

Leo saa sita Odila aliangalia sahani yake isiyo na chumvi, hakuomba. Mama yake akamunong'oneza: "Sema, mama, unataka nini?" Akaniangalia mimi kwanza. Mutoto mwenye alikuwa anaongea hata na kuku. Naogopa yale macho kuliko komisyo.

Magaribi jirani yetu, karani wa komisyo, akanicheka: "We, mutoto mwenye hajaanza masomo habamuulizi kitu."

Nikamuambia Odila Kiswahili imeruhusiwa. Hakujibu.