Meza ya Bwana Haikumfikia Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechambua mchele wa Jumapili, kilo kumi. Mgongo hauna hali. Kumbukumbu ya mama, mwaka mmoja. Dada Anna kapiga simu kutoka Mbweni: ibada kanisani, chakula hapa kwangu Chamazi, na neno la familia nitoe mie. Kisa? Mie ndiye niliyemuuguza. Kila mtu ananisifia hilo. Nikasema sawa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekaa na karatasi. Nimeandika: mama alikuwa mcha Mungu. Nikakwama hapo.

Alikuwaga anaimba tenzi tangu anakoroga uji mpaka anaanika nguo, sauti ya pili peke yake, wala haoni tabu kwamba ya kwanza haipo. Wajukuu kumi na mmoja, wote aliwaombea kwa majina. Binti yangu Neema alikuwa anahesabu kwa vidole, Bibi asije akaruka mtu. Na Joel naye aliombewa. "Mkwe wangu," alimwita, na Joel mwenyewe hajaleta hata barua ya posa. Miaka tisa naishi naye bila ndoa. Kanisani nimetengwa, siruhusiwi mkate na divai ya meza ya Bwana mpaka nisimame mbele ya usharika nitubu. Mama hakunisema hata siku moja. Bora angenisema.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike tu, hakuna anayesoma.

Wiki ya mwisho mama aliomba aletewe meza ya Bwana nyumbani. Maana yake mchungaji aje na wazee wa kanisa, wakae sebuleni kwangu, wamkute Joel na kaptula yake. Mchungaji alipopiga simu nikamwambia mama kalala, aje kesho. Kesho yake nikamwambia tuko hospitali. Uongo mtupu. Mama alikuwa chumbani, kavaa gauni lake jeupe la kwaya, ameniomba mwenyewe nimvalishe. Jioni nikamvua. Hakuomba tena. Nikadhani amesahau, na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Siku nne baadaye akafa.

Mwanamke gani mie.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Sifa kaja kunisaidia kumenya vitunguu. Ni mzee wa kanisa, alikuwa shoga wa mama. Akaanza kunisifia: wewe binti umemtunza mwenzetu, Mungu atakulipa. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote.

Nilitegemea anitukane. Akaendelea kumenya. Akasema anajua, tangu mwaka jana anajua. Siku ile ya pili mama alimpigia kwa kile kisimu chake. Alikuwa amenisikia nikimdanganya mchungaji, ukuta wenyewe ndio huu mwembamba.

"Alisema tusije tena," Mama Sifa akaniambia. "Alisema, 'Mwanangu anaona aibu, msimsumbue. Mie Bwana ananijua.'"

Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikajitia kanga mdomoni. Kumbe hakusahau. Aliacha kuomba kwa ajili yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Niliitwa kutoa neno. Karatasi niliiacha kwenye mkoba.

Nikasema: "Mama aliomba meza ya Bwana akiwa kitandani. Mimi ndiye niliyezuia, kwa sababu niliwaonea ninyi aibu. Kwa hiyo msinisifie."

Nikakaa. Anna akanitazama mara moja, hakunitazama tena. Nyumbani watu wamekula pilau wameondoka mapema. Anna hakula. Joel kaosha masufuria yote peke yake.

Sijisikii nafuu. Watu husema ukitubu unajisikia nafuu.

Jumanne, 12 Agosti

Neema kaenda shule. Nimefua mashuka. Joel kaniambia Alhamisi anaomba ruhusa kazini, twende wote kwa mchungaji. Nimesema haya.

Saa nne Anna kapiga. Hakusalimia. Aliuliza kitu kimoja: "Mama alikukasirikia?"

Nikamwambia hapana. Siku zile nne zilizobaki alinishukuru kwa kila kijiko cha uji.

Anna akalia. Sikumwambia anyamaze. Nilishika simu tu mpaka salio lake lilipoisha.