Korongo Lililonyamaza

Jumatatu, 9 Machi
Sijaandika tangu Krismasi. Ni kosa langu, na uvivu si udhuru. Leo nimelisha ng'ombe, nimekunywa chai, nimesikiliza redio. Mtabiri wa hali ya hewa amesema msimu huu vimbunga ni vichache mno baharini. Maji ya upande wetu hayakupata joto la kutosha, na pepo za juu zinapishana, zinayatawanya mawingu kabla hayajajikusanya. Akaonya kwamba bahari kwa jumla inazidi kupata joto. Msimu mmoja mtulivu si ahadi. Tena mvua za huku bara hazitegemei vimbunga pekee. Nimemwelewa. Hata hivyo nimefurahi. Tangu tope la Mlima Hanang lilipopita karibu na ukuta wetu hapa Jorodom na kuwachukua majirani, siipendi sauti ya mvua.

Jumatano, 11 Machi
Safari, mwanetu wa kwanza, amepiga simu kutoka Mogitu. Anataka tuhamie kwake moja kwa moja. Mama yake amekataa.
"Nimechoka kuwa mgeni kila masika. Kwa mkwe hata chumvi naomba."
Nikamweleza habari za vimbunga, ili nimtulize.
"Hivyo vimbunga vyako vinaijua Jorodom?"
Nikakasirika.

Alhamisi, 12 Machi
Mvua kutwa. Mama Safari hatoki ukingoni mwa korongo linaloshuka kutoka mlimani. Tangu ule msiba, sisi wa chini ya mlima hulisikiliza korongo. Maji yakinguruma, tunalala. Yakinyamaza ghafla mvua ikiendelea, basi udongo umeyaziba huko juu, na vyote vitashuka pamoja. Hata watoto tumewafundisha hivyo.

Jumamosi, 14 Machi
Korongo limenyamaza. Alfajiri, mvua inanyesha, maji hakuna.
Nilifungua zizi. Mama Safari akagonga milango ya jirani: "Tokeni! Maji yamekatika!" Watu walitoka na magodoro kichwani. Mimi nilitoka na kiatu kimoja na kandambili moja. Aibu, lakini nilitoka.
Ninaandika nikiwa Mogitu, kwa Safari. Mlima bado kimya. Nyumba ikienda, na iende. Mama Safari hali wala hasemi. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumapili, 15 Machi
Mlima haukusogea. Mwenyekiti wa mtaa alipanda na watu kuangalia. Wamekuta magunia ya mchanga yameziba korongo. Baba Neema, jirani yetu wa juu mwenye bustani ya vitunguu, ameyageuza maji yote yaingie kwenye bwawa lake jipya. Alisikia redio ileile. Kwake, kukosekana kwa vimbunga kulimaanisha mvua itakatika mapema, akaamua kuweka akiba. Amesikiliza nusu ya habari. Nilimkaripia mbele ya kanisa hadi nikaishiwa maneno.
Akamgeukia mke wangu, kichwa chini. "Shikamoo, Mama."
"Marahaba ni ya waliolala. Sisi hatujalala."
Watu wakacheka. Mama Safari mwenyewe akacheka, mpaka akashika ukuta. Kisha akaomba uji. Nilishukuru kuliko nilivyoshukuru kwa ajili ya nyumba.

Jumanne, 17 Machi
Tumerudi Jorodom. Kuku wote wapo. Baba Neema ameondoa magunia, na korongo linanguruma. Manyunyu tu.
Mama Safari aliketi kizingitini, akaisugua miguu yake.
"Mbio zile sitaziweza tena," alisema. Baadaye, akiwa anapeta maharage: "Safari akinijengea jiko langu mwenyewe, labda."
Nyumba hii niliijenga mimi. Nimemwomba tusiamue kwa hofu ya Jumamosi wala kwa furaha ya leo. Amekubali. Amepika, ametia chumvi bila kumwomba mtu.
Tuko hai sote. Tukishaamua kuhama au kubaki, nitaandika.