Usimpeleke Restituta Kituoni

Kizota, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje tangu baridi ya Mbinga ianze? Na mdogo wangu Restituta, bado anachuma kahawa huku anaimba? Mimi ni mzima. Upepo wa huku umenipasua midomo, lakini kazi ipo na nakula vizuri. Naomba barua hii uisome mwenyewe, hata kama ni polepole. Haya nimeshindwa kuyasema kwa simu ya jirani yako huku watu wanasikiliza.

Baba Mdogo alinipigia juzi, ana furaha. "Agnesi, Restituta amepata nafasi pale pale kituo cha walemavu ulipokuwa wewe. Mama yako amezeeka, sasa atapumzika." Nilimshukuru kwa kuhangaika, kisha nikainamia turubai. Nilikuwa kazini, nimeshika sindano ya kushonea maturubai, na fundi mwenzangu akaniuliza nimefiwa na nani.

Mama, siku uliyonipeleka kule uliona maua na vitanda vilivyotandikwa. Wakakuimbia, ukaondoka umefarijika. Nisikudanganye, hakuna aliyenipiga. Tulikula, tulitibiwa, tulisali. Lakini ikifika jioni baiskeli zetu za magurudumu matatu zilifungiwa stoo ili tusizunguke ovyo, na kuanzia hapo ukitaka kwenda hata chooni unaita na kungoja. Tuliamshwa pamoja, tukaoga pamoja, tukanyolewa pamoja, hata kama unazipenda nywele zako. Tulikuwa watu wazima, na bado tuliitwa "watoto".

Nililala chumba kimoja na dada mmoja, Roza. Mwili wake ulikakamaa tangu kuzaliwa na ulimi ulikuwa mzito, kwa hiyo wengi walidhani hana akili. Alikuwa nayo, tena mcheshi. Nilimzoea mpaka nikawa namwelewa neno kwa neno, na wahudumu wakawa wananiita niwaelezee anasema nini. Alitamani kupika mlenda wake mwenyewe, autie karanga kiasi anachotaka yeye. Nilipoondoka aliniambia, "Ukipata chumba, uniite."

Unajua nilivyopata kazi hii ya kushona maturubai ya malori. Usichojua ni jinsi nilivyokataliwa vyumba. Mwenye nyumba mmoja alimwuliza fundi aliyenisindikiza, nami niko mbele yake, "Huyu ataangaliwa na nani?" Mwishowe mama mmoja wa Kigogo, Mama Yeremia, aliitazama ngazi ya mlango wake, akamwita mtu akamwaga zege, nikapata mteremko wa kupita na baiskeli. Kila asubuhi ananisalimu "mbukwa" kabla hata sijafungua dirisha. Jirani ananichotea maji, mimi namshonea nguo zake. Ndivyo ninavyoangaliwa, Mama.

Hata hivyo kituo hakijanitoka. Nikishapakua chakula nakaa nakitazama, mpaka nikumbuke kwamba hakuna wa kuniruhusu nile. Jua likizama mkono unakwenda wenyewe kuishika baiskeli.

Nilipotulia nilirudi kumchukua Roza. Mama Yeremia alikuwa ameshaazima kitanda cha pili. Mhudumu aliyenipokea getini alinikumbatia, akaniuliza habari za mjini, lakini nilipouliza Roza yuko wapi akafunga geti kwanza.

"Roza alifariki, Agnesi. Alilia sana siku ile. Hatukujua anaumwa wapi, na tulipompeleka hospitali tulikuwa tumechelewa."

"Alikuwa anasema nini?"

"Si unamjua alivyokuwa anaongea? Alirudia neno moja tu."

Akajaribu kulitamka kama alivyolisikia. "Nyesi, Nyesi."

Mama, ndivyo Roza alivyotamka jina langu. Alikuwa anamtafuta mtu wa kumsemea.

Wakanionyesha kaburi nyuma ya bustani, udongo mwekundu bila jina. Tangu hapo namsikia. Mashine zikizimwa karakanani, ule ukimya unapoingia tu, naitwa. Kuna siku niliitika kwa sauti, wenzangu wote wakageuka. Kuomba nimeomba, na padri nimemwona. Bado naitwa.

Sasa tuna kikundi, watu wenye ulemavu wa Kizota na Majengo. Tunakwenda ofisi ya kata kuomba zahanati iwekewe mteremko, na wapatikane wasaidizi wa kumsaidia mtu akiwa nyumbani kwake, kati ya majirani zake. Ofisa mmoja alituambia, "Mbona vituo vipo?" Nikamsimulia habari za Roza. Aliweka kalamu mezani akatazama nje. Tutarudi tena.

Restituta naye ana maneno yake machache, na wanaoyajua ni wewe na watu wa hapo. Akipotea njia ya mtoni mtu humshika mkono akamrudisha. Akiumwa jino, mama wa dukani anajua kabla yako. Kule nani atajua? Kama mgongo umekuzidi, binamu yetu Skola yuko tayari kuja asubuhi na jioni, nimeshaongea naye. Au Restituta aje kwangu, kitanda kile bado kipo. Jana nilimpigia Baba Mdogo nikamweleza yote. Akasema, "Mimi nilidhani nawasaidia." Yuko tayari kuiachia nafasi, mradi wewe useme.

Nisalimie shangazi anayekusaidia kuanika kahawa, na katekista aliyenifundisha kusoma. Msalimie Skola pia. Baba Mdogo naye msalimie, na usimgombeze, nia yake ilikuwa njema.

Jambo la mwisho, Mama. Usiamue peke yako, wala usiamue kwa sababu yangu. Mkalishe Restituta jikoni, umuulize yeye anataka kuishi wapi. Atakawia kujibu, unamjua. Usimjibie. Kaa naye tu mpaka aseme.

Mwanao akupendaye,
Agnesi