Macho ya Mama wa Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi ya ukuta wa zahanati. Mama na mtoto, wakubwa kuliko mlango. Nesi mkuu kanipa picha ya kalenda: mama anacheka kama mtu ambaye mtoto wake halii. Nimeigawa kwa miraba ya penseli, nikapiga miraba ya chaki ukutani. Ndivyo nilivyojifundisha – mraba kwa mraba, mpaka pua itokee yenyewe.

Nyumbani kimya. Mke wangu ameitwa kazini kwenye kiwanda cha nguo, mji wa mbali. Nikiuliza kama atakwenda, ananijibu, "Sijaamua, baba watoto," huku anakunja nepi. Basi nami nalala.

Jumanne, 5 Machi
Rangi imedondokea picha ya kalenda, macho yote mawili kwisha. Nikaona aibu kuomba nyingine. Fundi gani huyo, apoteze macho ya mteja? Miraba ile nikaijaza kwa kichwa. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikafurahi – mjinga hufurahi mapema.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshuka ngazi, nikarudi nyuma hadi getini nitazame kazi.

Ni yeye. Macho ya mke wangu, yameelekea kwa mtoto lakini yenyewe yameshafika kwingine. Si macho ya mtu ambaye hajaamua.

Mlinzi, ambaye ni jirani yetu, kaja na mswaki mdomoni. Kasema shemeji katoka vizuri, ila mbona kama anasubiri basi? Nikamwambia huyo si shemeji yako. "Haya," kasema, "basi shemeji ana pacha."

Kichwa changu kilikuwa hakijui kitu. Mkono ulijua, ukanyamaza.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewahi na kopo la rangi nyeupe niyafute macho. Nesi mkuu kanikuta juu ya ngazi.

"Shuka, fundi. Ukiyagusa, hulipwi."

Kumbe wanawake wakikaa chini ya picha ile wanaanza kumsimulia yeye nesi mambo ya nyumbani hata hajawauliza. Zamani walikuwa wanajibu ndiyo na hapana tu. Nimempongeza.

Lakini kesho ni chanjo ya mtoto wetu. Hapahapa. Jioni nikamwambia mke wangu mtoto anakohoa, tungoje wiki ijayo.

"Anayekohoa ni wewe," kasema. Na kweli nilikuwa nakohoa.

Ijumaa, 8 Machi
Amekuja. Nilijifanya napaka ukingo wa chini, nimeinama kama natafuta shilingi. Nikaona kandambili zake zimesimama. Hazikuondoka.

"Hayo macho ni yangu."

Nikasema picha iliharibika, rangi ilimwagika, mambo ya kazi. Akaniacha nimalize. Mtoto bado analia sindano aliyochomwa, yeye anambembeleza bila kutoa macho ukutani.

"Huyu ameshaamua," akasema.

Nikauliza ameamua nini.

"Wewe ndiye uliyemchora. Niambie wewe."

Nikasema ngoja nioshe brashi.

Sasa niko nyuma ya tangi la maji, naandika. Brashi imeshatakata, nimeiosha hadi nywele zinang'oka. Nimechungulia. Wenzake wote wameshakwenda zao. Yeye kavuta benchi, kakaa chini ya picha, mtoto kalala begani. Pembeni yake kaacha nafasi ya mtu mmoja.