Mbiu Iliyowakimbiza Watu wa Mlali

Bigwa, Ijumaa. Mvua ya kwanza inanyesha tangu alfajiri, na badala ya kufurahi nimenuna kutwa nzima.

Dada yangu Zuhura, kule Mlali, ameshalima shamba lote. Hana hata punje ya kupanda, nzige walimaliza. Na mbegu zake zipo. Zimo ghalani kwa akida, hapa hapa Bigwa, kavu kabisa.

Jumanne nilipeleka chumvi bomani, nikasikia kwa masikio yangu: magunia arobaini ya mahindi, serikali inawapa watu wa milimani bure. Vijiji vinane. Basi ni matano kila kijiji. Nikarudi dukani kungoja watu washuke. Hakushuka mtu.

Leo nimemfuata akida barazani kwake. Shikamoo yangu ameipokea huku akichokonoa meno.

"Mbiu ilipigwa Mlali juzi, muuza chumvi. Watu wako wamekimbia, na bomani nimeshapeleka habari kwamba hawataki. Unataka nifukuzane nao milimani na gunia kichwani?"

Baraza zima likacheka. Nikauliza mpiga mbiu alisema nini hasa.

"Alisema kweli tupu: njooni mpokee mbegu za serikali."

Damu ikanichemka.

Mbegu za serikali! Kwa watu wa Mlali maneno hayo yana maana moja tu: pamba, shamba la jumbe, kiboko mgongoni. Zuhura alilimishwa pamba hiyo msimu mzima huku shamba lake likimezwa na majani. Na akida analijua hilo kuliko mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasimamia.

Hakusema mahindi. Hakusema bure. Hakusema mangapi. Kisha akaliambia boma kwamba wenyewe hawataki.

Nikamwambia mbele ya watu: basi niazime baragumu, nikawaite mimi, kwa Kiluguru. Akaona haya kukataa.

"Chukua. Lakini mwisho Jumapili. Yatakayobaki, nitajua pa kuyapeleka."

Kwamba anajua, sina shaka.

Tangu nirudi nalitazama baragumu hili. Sasa nimeamua: linabaki hapa. Wakilisikia tu, sitampata wa kumwambia. Kesho nakwenda kwa miguu yangu, nianze kwa Zuhura, kisha mlango kwa mlango: ni mahindi, ni bure, ni magunia matano.

Hasa hayo matano. Jumapili akida awapimie watu wanaojua yalikuwa mangapi.