Alama Nyekundu Niliyoiweka Mimi

Shangazi mpendwa, nisaidie, maana mume wangu anataka kuacha kazi, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba sababu anayoitoa si ya kweli.

Sisi sote wawili ni waandishi wa programu za kompyuta, tulikutana ofisini, na siku hizo wenzetu walikuwa wanamwita Macho, kwa sababu programu ikigoma wengine wanahangaika wiki nzima, yeye anavuta kiti, anaisoma kimya kimya huku anatafuna kalamu, halafu anaweka kidole kwenye kioo na kusema, "Huyu hapa." Programu yote ilikuwa inakaa kichwani mwake, na nadhani nilimpenda kwa kile kidole. Basi mwaka jana akapata kiharusi. Mungu amemrudisha, anatembea, anaongea, anatania, lakini mambo ya sasa hivi hayakai kichwani, akifika katikati ya ukurasa ameshasahau mwanzo ulisemaje, na siku aliyojaribu kurudi kwenye kazi yake aliifunga kompyuta taratibu akaenda bafuni, nikamsikia anafungua bomba ili nisimsikie.

Ndipo nikamwonyesha madirisha. Kile kihariri tunachoandikia programu, Shangazi, kinaweza kuendesha ndani yake chombo cha kusaka makosa, na ukikiamuru kinaugawa uso wa kompyuta vipande vipande, kila kipande dirisha lenye kazi yake: moja linaonyesha mstari programu ilipofika, jingine linaonyesha kila kitu kina thamani gani kwa wakati huo, jingine linakuonyesha njia uliyopita mpaka ukafika hapo, na jingine lina orodha ya vituo, yaani pale ulipoweka alama nyekundu ili programu ikifika isimame ikungoje. Zamani alikuwa anayadharau, anasema ni magongo ya wanafunzi. Nikamwambia, "Usibebe kitu kichwani, wewe soma tu, madirisha yatakubebea." Mama mkwe akapita na vyombo, akatazama, akasema, "Madirisha yote hayo na hakuna hata moja linaloingiza upepo!" Mume wangu akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu atoke hospitali sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Bosi wetu, mtu mwema, akampa kazi ndogo aifanyie nyumbani, programu inayopanga zamu za wauguzi, ambayo ilikuwa inamkosea muuguzi aliyekesha usiku wa mwisho wa mwezi, inampangia tena zamu asubuhi yake kana kwamba amelala. Akaisaka, akachoka, akaanza kuuma midomo, na mimi nikashindwa kuvumilia. Alipojinyoosha kupumzika mchana nikaketi mahali pake, nikalipata kosa, nikaweka alama nyekundu mistari miwili juu yake, nikaondoka kama sikuwepo. Alipoamka akaendesha programu, ikasimama palepale, akatazama dirisha la thamani, akaona saa za kupumzika za yule muuguzi zimeshuka chini ya sifuri, akapiga kelele, "Huyu hapa!" Tulikumbatiana, Shangazi, mimi nalia na yeye analia. Basi nikazoea. Kila kazi iliyokuja nilitangulia kimya kimya kuweka alama, na rekebisho analifanya mwenyewe.

Mpaka juzi aliponiita nikiwa nakoroga chai. "Hii alama nani kaiweka?"

"Si wewe?"

"Sikumbuki."

"Basi utakuwa umeiweka ukasahau."

Nilisema hivyo bila hata kugeuka. Tangu hapo hajiamini kwa lolote, anauliza kama amefunga mlango, kama amemeza dawa, kama ameshaniuliza, na jana nimemsikia akimwambia mama yake kuna kazi anaifanya asiyoikumbuka, kana kwamba mtu mwingine anaazima mikono yake. Jumatatu anakwenda kumuaga bosi, anasema mtu asiyejua mikono yake imefanya nini hawezi kuachiwa zamu za wauguzi. Nikimwambia ukweli nitamnyang'anya ushindi wote alioupata. Nikinyamaza anaacha kazi anayoipenda kuliko chakula. Nifanye nini?

Mke wa Macho

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nikakuhurumia, ya pili nikakukasirikia, na sasa nina vyote viwili, kwa hiyo kaa vizuri.

Kuweka alama si dhambi. Wenza husaidiana, na wafanyakazi husaidiana. Kosa lako ni ile sentensi uliyoisema ukiwa umempa mgongo. Mtu anayejifunza upya kukiamini kichwa chake alikuuliza swali la maana kabisa. Kichwa chake kilimwambia, mimi sikuiweka hiyo alama, na kilikuwa kinasema kweli. Wewe ukamwambia kinamdanganya. Ulikuwa unamwonea huruma mume, ukamponza.

Unaogopa kumnyang'anya ushindi. Ushindi upi? Alama haikurekebisha kitu, ilisimamisha tu. Nani alisoma lile dirisha, akajua kwamba hakuna binadamu anayepumzika chini ya sifuri, akaitengeneza programu? Ulimfungulia mlango, lakini aliyeingia ni yeye. Hilo hutamnyang'anya hata ukitaka.

Na jambo jingine utanivumilia nikilisema. Wewe una hamu na yule wa zamani, mwenye kidole. Mlilie, una haki, hata wajane huruhusiwa kulia, na wewe unajinyima. Lakini usimlazimishe huyu uliyenaye avae nguo za yule. Huyu anafanya kazi polepole, kwa madirisha, na anaiweza.

Mwambie leo, wala usingoje mkesha wa Jumatatu. Keti kando yake, fungua hayo madirisha, mwonyeshe alama moja baada ya nyingine: hii niliiweka mimi, na hii mimi. Usianze kulia, maana ukilia atakubembeleza na hutamaliza. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira ya mtu anayejua ukweli ina mwisho. Kisha zifute zote, umwachie kompyuta. Kuanzia hapo akikwama, akwame. Akikuomba msaada, mpe waziwazi, akiona mikono yako. Kwa bosi na aende, lakini aende kuomba, sio kuaga: aruhusiwe kufanya kazi kwa mwendo wake, na mwenzake aipitie kazi kabla haijawafikia wauguzi. Hata wenye vichwa vizima kazi zao hupitiwa. Na daktari wake umweleze wewe mwenyewe, kwamba katika huko kusahau kwa siku hizi umo na wewe.

Wasomaji wangu, Jumatatu isingelingoja gazeti, kwa hiyo maneno haya nilimpigia simu nikamsomea. Ameniruhusu niwaambie yaliyofuata.

Alimwonyesha. Mume akaweka kidole kwenye alama moja, barazani mama anafagia, akauliza, "Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau."

"Na hii?"

"Hata hiyo. Ni mimi."

Akainuka, akatoka mpaka barazani, akamwambia mama yake, "Mama, sikusahau!" Mama, ambaye hajui lolote kuhusu alama wala vituo, akaangusha ufagio akamkumbatia. Mke alibaki mezani peke yake, na anasema hajawahi kukaa kwenye kiti kigumu namna ile.

Amemnunia, ndiyo, na ana haki ya kununa. Bosi amemkubalia aliyoyaomba. Na jana mchana, mke akiwa jikoni, alisikia sauti kutoka sebuleni: "Njoo basi, nimekwama. Lakini mikono iweke mfukoni."