Kopo la Filamu

Ndabibi, Jumapili, Agosti 1955

Tangu asubuhi upepo unatupa vumbi mlangoni. Naandika ili nitulie.

Jana mpwa wa Mzungu mwenye shamba, tunayemwita Bwana Picha, alipiga filamu yake. Anasema si hadithi, ni ndoto ya uchawi. Wafanyakazi walijipaka majivu wakazunguka moto, naye Baba akawapigia kinanda chake cha kuvuta. Mimi nilitafsiri.

"Amesema upige chochote kinachokujia, Baba."

"Na nikikosea?"

"Amesema leo hakuna kukosea."

"Basi huyo hajawahi kupigia harusi ya Gilgil."

Watu walicheka. Kisha Baba akafumba macho, akapiga mambo ambayo sijawahi kuyasikia, kama mtu anayebishana na kinanda chake na kushindwa.

Ndipo Bwana Picha akaagiza upinde wa migomba. Kwake ni pambo. Akataka wote wapite chini yake mara saba, Baba mbele.

Kicheko kikaisha.

Katika Hali hii ya Hatari, upinde wa namna hiyo una maana moja tu: kiapo cha watu wa msituni. Jirani yetu yuko kizuizini kwa kushukiwa tu kwamba alipita chini ya mmoja. Lakini amri ya Mzungu ni amri. Walipita.

Jioni Bwana Picha aliniita niandike majina kwenye makopo ya filamu. Picha za upinde na za kinanda zilikuwa katika kopo moja. Alisema kwa furaha kwamba filamu zikirudi kutoka kusafishwa Ulaya, ataionyesha kazi yake klabuni Nakuru, mkuu wa polisi akiwepo. Nilitaka kumwambia. Kiingereza chote nilikuwa nimekipanga kichwani.

Nikasema asante.

Leo, wenyewe wakiwa kanisani, nimeingia stoo. Nilisoma kitabuni kwamba filamu ambayo haijasafishwa ikiona mwanga huharibika. Nimelifungua lile kopo dirishani, nikaikunjua filamu yote juani, nikaikunja tena na kulifunga vilevile. Kesho linapelekwa kwenye treni.

Sijawahi kuiba hata chaki.

Sasa hivi Baba amesimama hapa mezani, ameuliza kama Bwana Picha anaweza kutuonyesha kidogo ikirudi.

"Huo upinde sitaki kuuona," amesema. "Nataka kuona vidole vyangu tu. Sikumbuki nilivyofanya."

Nimemwambia nitauliza.